Siku Niliyomsahihisha Mdogo Wangu

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, mingi yake Bukoba mjini. Nina mdogo wangu mmoja wa kike, tumepishana miaka mitatu, na yeye hakuvuka darasa la saba. Nayasema haya mapema kwa sababu bila kuyajua, kilichotokea Songambele kitaonekana kuwa ni mama mtu mzima kumsahihisha mwenzake neno moja, basi.

Tulizaliwa Kituntu, katika nyumba iliyozungukwa na kibanja, yaani migomba na mibuni iliyopandwa hadi kwenye kuta za jiko. Sote wawili tulikuwa na akili darasani. Mimi nilitangulia kwenda sekondari, shule ya bweni. Yeye alipomaliza la saba naye alifaulu, jina lake likasomwa, lakini mwaka ule mama aliteleza akitoka kisimani akavunjika nyonga, na baba akasema nyumba haiwezi kukosa mabinti wawili kwa mpigo. Hakuna aliyependekeza nirudi mimi. Wala mimi sikupendekeza. Mdogo wangu akabaki kumgeuza mama kitandani, kumpikia baba na kupalilia. Baadaye aliolewa Songambele, kule Kyerwa, na kijana aliyekuwa na migomba michache na baiskeli.

Basi maisha yangu yote nimemhurumia. Nilimhurumia kwa bidii. Kila Krismasi nilimpelekea mfuko wa nguo zilizokuwa hazinitoshi tena. Alipojifungua mtoto wa nne nilikwenda kumwelekeza jinsi ya kuchemsha maji ya kunywa, kana kwamba wale watatu wa mwanzo walikua kwa umande. Na mimi mwenyewe nilipokuwa na mizigo yangu, nilimfikiria yeye na jembe lake, moyo ukatulia. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa ofisi, mpole, asiyesema. Nyumba tuliyojenga Bukoba ina uwanja wa kutosha mgomba mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa nikiuangalia mgomba ule jioni na kujiambia, angalau mimi nilisoma.

Mwaka uliofuata baada ya kustaafu, umoja wa wanawake wa usharika wetu uliamua kufanya ziara. Mwenyekiti wetu, mama wa Muleba mwenye duka la vitambaa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, alikuwa amesikia kwamba huko Karagwe na Kyerwa kuna familia zinazotengeneza mvinyo wa ndizi na wa nanasi, zinauza matunda barabarani, na zinapokea wageni mashambani. Akasema twende tukaone, tujifunze, tule matunda, turudi. Tukakodi Kosta. Kwenye kikao akasoma orodha ya mahali tutakapopita: kwanza familia moja ya mananasi Kituntu, kisha meza za matunda Omurushaka, na mwisho Songambele.

"Huko Songambele," akasema, "ni kwa mama mmoja na mume wake anayechechemea. Wanasema huyo ndiye kiboko. Watu wanatoka Mwanza kwenda kumwona."

Songambele nzima namjua mwanamume mmoja tu anayechechemea, naye ni shemeji yangu.

Kwenye simu mdogo wangu aliwahi kuniambia, "Dada, siku hizi tunajaribu mvinyo," nami nikamjibu, "Angalieni msije mkaharibu matumbo ya watu," halafu tukaongelea ugonjwa wa shangazi. Miaka minne nilikuwa sijakanyaga kwake. Nilinyamaza kwenye kikao, nikanyamaza pia ndani ya Kosta njia nzima. Nilitaka nione kwanza. Kama ni jambo la aibu, nisihusike. Kama ni jambo la maana, hilo sikutaka hata kulifikiria.

Kule Kituntu tulipokewa na mzee na mkewe pamoja na wakwe zao wawili. Mananasi yalikuwa yamepangwa mistari mistari mteremkoni, na mzee akayakata kwa panga palepale shambani, maji yakatutiririka hadi kwenye viwiko. Alituonyesha jinsi ya kuchagua chipukizi la kupanda. Mkewe akatugawia juisi kwenye vikombe vya plastiki, akamcheka mumewe alipokosea hesabu ya mistari. Nilifurahi kweli. Niliwasifu kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, nikanunua mananasi matatu, nikapiga nao picha. Palikuwa umbali wa kutembea kutoka nyumba tuliyozaliwa, na bado sikuona wivu hata chembe. Hawakuwa ndugu zangu.

Omurushaka tulishuka penye meza za matunda, kando ya barabara inayopita mabasi ya Kyerwa. Kulikuwa na maparachichi makubwa kama vichwa vya watoto, pasheni kwenye ndoo, ndizi za kuiva zilizoning'inizwa, na nyuma ya matunda kulikuwa na chupa. Mama Mwenyekiti akauliza habari za mvinyo. Mwanamke mwenye meza, wa makamo, mwenye khanga kichwani, akainua chupa moja kwa mikono miwili.

"Hii ya Songambele, mama, haikai. Ikiletwa asubuhi, jioni hamna. Zimebaki hizi mbili."

"Ya nani?"

"Ya mama mmoja mpole sana. Hata meza hii ni yeye alinisaidia kuanza. Aliniletea matunda yake, akasema uza kwanza, tutaongea baadaye."

Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ilikuwa na picha ya mkungu wa ndizi. Kando ya chupa zile mbili kulikuwa na nyingine, za mtu mwingine, zenye vumbi mabegani.

"Na hizi je?" nikauliza.

"Hizo," akasema, "hizo zipo."

Nikanunua moja ya zile zenye vumbi. Mama Mwenyekiti akanitazama. Nikamwambia lazima kila mfanyabiashara aungwe mkono. Chupa ile nilikuja kuifungua nyumbani baada ya wiki, ilikuwa siki tupu, nikaimwaga chini ya mgomba wangu.

Tulifika Songambele jua limepanda. Kabla ya nyumba ilianza migomba, na kabla ya migomba ilianza harufu, ile harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi ambayo kila mtu wa kwetu anaijua. Nilikuwa nakumbuka nyumba ya matofali mabichi yenye ua wa matete. Niliyoiona ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na pembeni yake kulikuwa na banda refu lenye sakafu ya saruji, na mbele ya banda mabenchi yamepangwa kivulini, kila benchi limefutwa.

Mdogo wangu alitoka bandani akiwa amevaa buti za mvua na kitenge. Aliangalia wageni mmoja mmoja kwa tabasamu la mwenye nyumba, hadi macho yake yakanifikia.

"Dada!"

Alipiga yowe, akaja mbio, akapiga goti mbele yangu kama tulivyofundishwa tukiwa watoto. "Shikamoo dada. Shikamoo. Hukuniambia! Mbona hukuniambia?"

"Marahaba," nikasema. "Simama, utachafuka."

Mama Mwenyekiti alishika kiuno. "Mwalimu! Huyu ni mdogo wako? Wa tumbo moja? Na umekaa kimya kutoka Bukoba mpaka hapa?"

"Nilitaka kuwashtukiza," nikasema, na wote wakacheka, wakaanza kunipongeza, kana kwamba shamba ni langu. Kwa dakika chache niliikubali pongezi ile.

Kisha ziara ikaanza. Shemeji alikuwa mbele, anachechemea na fimbo yake, na kila alipoulizwa swali alinyoosha kidole kwa mkewe. "Mimi msiniulize, mimi kibarua tu. Muulizeni mwenye shamba." Wanawake walicheka sana. Mimi nilimwangalia mdogo wangu nione kama ataona haya. Hakuona. Alikuwa amezoea. Nilikaa kwenye ndoa miaka ishirini na saba, na mume wangu hakuwahi kuninyooshea kidole namna ile kwa jambo lolote.

Tulipita katikati ya migomba juu ya matandazo ya nyasi yaliyolala mazito hata miguu haitoi sauti. Alituonyesha ndizi za kupika upande huu na zile za pombe upande ule, na kahawa katikati, na maparachichi mpakani ili yasiibe mwanga. Akachukua mti mrefu wenye panda nchani, akalishika nao ua la mgomba lililoning'inia chini ya mkungu, akalizungusha mara moja, likaanguka.

"Msikate kwa panga," akasema. "Panga linahamisha ugonjwa. Mnyauko unapita kwenye panga."

Niliwahi kuwa na kishamba Muleba. Tulikinunua mimi na mume wangu, tukamweka mtu wa kukiangalia. Kilinyauka chote kwa msimu mmoja, majani yakawa ya njano, ndizi zikaivia mgombani na kuoza. Siku zile mdogo wangu alinipigia akanieleza habari ya mti wenye panda, akarudia mara mbili. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilimwambia ndiyo, ndiyo, nitamwambia yule mtu, na sikumwambia. Sasa nilisimama nyuma ya wenzangu nikisikiliza somo lilelile, na nilichokuwa nawaza ni kwamba amebahatika na ardhi.

Bandani kulikuwa na mapipa ya plastiki ya bluu, yamefunikwa barabara, kila pipa limetolewa mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa ya maji, na majini mle mapovu yakipanda moja moja. Mdogo wangu alieleza hatua kwa hatua: ndizi zinaiva siku ngapi, zinamenywa, zinakamuliwa, juisi inachujwa kwa kitambaa cheupe, hamira kiasi gani, sukari kiasi gani, na kwa nini mpira uingie majini. Hewa itoke, ya nje isiingie. Alitaja hata makosa yake, pipa lililomwagika, pipa lililogeuka siki. Na hapo ndipo wenzangu wakatoa madaftari.

Sijui kama nitaweza kulieleza hili. Walikuwa wanawake ninaowafahamu, wengine nimewafundishia watoto. Walitoa madaftari na kalamu kwenye mikoba, wakaandika anachosema mdogo wangu, wakamwomba arudie, wakaulizana tahajia. Nimesimama mbele ya ubao zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sijapata kuona mtu akiandika maneno yangu kwa hamu ile. Nikatafuta kosa. Niliangalia sakafu kama ina uchafu, nikaangalia kucha zake. Zilikuwa fupi na safi.

"Mwalimu," Mama Mwenyekiti akasema kwa ile sauti yake, "na wewe shamba lako liko wapi? Au la kwako ni huyu mdogo wako?"

Kicheko kikaenea. Mdogo wangu naye alicheka, bila hila yoyote. Nikacheka na mimi, nikiwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kuacha.

Tukaketi kwenye mabenchi. Binti yake mkubwa, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, akagawa bilauri ndogo ndogo. Kuna mama mmoja aliyesitasita, akauliza kama ni halali kwa watu wa kanisa. Mama Mwenyekiti akamwambia mchungaji yuko Bukoba, hapa tupo kwenye masomo. Mvinyo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Nilionja nikiwa tayari kusikia uchachu. Haukuwa mchachu. Ulikuwa mwepesi, mtamu kwa mbali, na baada ya kumeza, ndizi ilibaki ulimini, ileile ndizi ya pombe tuliyokuwa tukinyonya juisi yake kwa bua la nyasi tukiwa watoto. Ulikuwa mzuri sana, na sikuwa na pa kuuegemeza wivu wangu.

Mdogo wangu akasimama kutushukuru. Mikono aliikunja mbele kama mtoto anayetaka kuimba shuleni. Niliona wazi kwamba maneno yale alikuwa ameyaandaa.

"Wageni wangu," akasema, "hii mvinyo yetu watu walikuwa wanaizarau. Walisema ni pombe ya kienyeji, ya kunywa watu wasio na kitu. Lakini mimi nawaambia, hii mvinyo ina samani. Ina samani kubwa kuliko ile ya kutoka ng'ambo..."

Mtu wa kwetu akiongea Kiswahili, ulimi wa nyumbani hauna *th* wala *dh*. Sauti zile tunajifunza shuleni, na wengine hatuzishiki kamwe. Nusu ya wanawake waliokuwa pale wanasema hivyohivyo wakijisahau. Kila mmoja alikuwa amemwelewa.

"Thamani," nikasema. Nilisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika benchi la mwisho. "Thamani, mdogo wangu. Samani ni meza na viti. Sasa unatuuzia mvinyo au makochi?"

Walicheka wote, hata shemeji alianza kutabasamu kabla hajauona uso wa mkewe. Mama Mwenyekiti alipiga paja. "Makochi! Mwalimu bwana!"

Mdogo wangu alibaki amesimama. Alijaribu tena. "Ina sa..." akasema, akasita, midomo yake ikatafuta ile sauti, ulimi ukatoka kidogo katikati ya meno kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la pili, na haikutoka. Kisha akamgeukia binti yake akamwambia kwa Kinyambo, taratibu tu, "Maliza wewe." Akatembea kwenda jikoni.

Binti alimaliza vizuri, kwa Kiswahili cha chuo kisicho na doa. Watu walinunua chupa nyingi. Chakula kikaletwa, ndizi na maharage na samaki wa kukaanga, na mwenye shamba hakuketi nasi kula. Mama Mwenyekiti alimwulizia mara mbili. Shemeji alijibu kwamba yuko na vyungu. Aliponinawisha mikono hakunitazama.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakwangua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Umekasirika," nikasema.

"Sijakasirika, dada."

"Nilikuwa nakusaidia. Watakuja wageni wakubwa zaidi ya hawa, wakucheke."

"Ndiyo, dada. Umenisaidia sana. Tangu zamani unanisaidia." Aliendelea kukwangua. Halafu akaacha. "Zile nguo ulizoleta nilivaa. Ulinifundisha kuchemsha maji, nikasikiliza, ingawa nilikuwa nachemsha. Mimi nakuja kwenu Bukoba nakaa pale unaponionyesha. Leo watu wamekuja kwangu. Wametoka mbali kuja kwangu. Ungeniachia leo tu."

Palikuwa na neno moja la kusema, nami nililijua. Badala yake nikamwuliza kama kuna chumvi, maana maharage yalikuwa yamepungua chumvi. Akanyoosha mkono akanipa kopo. Nikatoka nalo.

Njiani kurudi, ndani ya Kosta, mtu mmoja alifungua chupa yake, mwingine akasema, "Nigawie samani kidogo," na gari zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Hadi tunafika Kyaka lilikuwa limeshakuwa neno letu. Wiki iliyofuata kwenye kikao, mama mmoja aliuliza lini tutafanya harambee na kama kutakuwa na samani. Kwenye harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa, wanawake wawili walinikonyeza na kunyanyua bilauri zao, "Samani, Mwalimu!" Kila niliposikia nilimwona amesimama mbele ya mabenchi, ulimi katikati ya meno.

Nilivumilia mwezi mzima na zaidi. Kisha Jumapili moja baada ya ibada, mbele ya watu, mmoja wao akaniita, "Mwalimu, lini tunarudi kwenye samani?"

"Acheni sasa," nikasema. "Yule ni mdogo wangu."

Akanishangaa. "Jamani, si ni wewe mwenyewe uliyeanzisha?"

Hakusema kwa ubaya. Keshoye alfajiri nilipanda basi hadi Omurushaka, nikachukua gari dogo hadi Songambele. Sikupiga simu. Niliogopa angeniambia nisije, na niliogopa zaidi kwamba angeniambia karibu.

Nilimkuta bandani na majirani wawili, wanamenya ndizi zilizoiva, rundo la maganda limefika magotini. Alinisalimu kama kawaida, akapiga goti, akauliza habari za nyumbani. Hakuuliza nimefuata nini. Akanisogezea kigoda na beseni. Nikakunja mikono ya gauni nikaanza kumenya. Nilijiona nafanya kazi nyepesi. Nilimenya haraka haraka, natupia beseni.

Baada ya muda akainama karibu yangu, kama mtu anayeokota kitu, akanong'ona ili wale majirani wasisikie. "Ile ncha nyeusi itoe, dada. Inaleta uchungu." Akavuta beseni langu upande wake, akalipitia ndizi moja moja, anatoa ncha, huku akiendelea kuongea na wenzake habari za mvua. Hawakujua kitu. Nilijifanya napangusa jasho.

Majirani walipokwenda kula, tukabaki wawili.

"Siku ile," nikaanza. "Lile neno. Nilikosea, mdogo wangu. Haikuwa kukusaidia. Nisamehe."

"Nimesikia," akasema. Akamenya ndizi mbili tatu. "Lile neno nimeliacha. Siku hizi nasema bei. Nasema ina bei nzuri. Bei haina mtego."

Nilitaka kumwambia bei na thamani si kitu kimoja. Nikaufunga mdomo wangu.

Kwenye dirisha la banda kulikuwa na bahasha ya kaki. Alipoona naitazama akaniambia ni fomu za wakaguzi, ili mvinyo uruhusiwe kuuzwa kwenye maduka makubwa. Nilinyanyuka kwa furaha ambayo sikuitegemea. "Nipe nikusomee. Hizi fomu zina maneno magumu, nitakujazia sasa hivi."

"Binti ameshajaza," akasema. "Inasubiri sahihi yangu tu."

Nikaketi tena. Umri ule wote, na mtu ambaye hana haja nami alikuwa kitu kigeni kwangu.

"Nakuonea wivu," nikasema. Lilitoka hivyohivyo, bila utangulizi.

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ile shambani. Wenzako waliuliza maswali mpaka nikachoka. Wewe hukuuliza hata moja. Mwalimu mzima, mtu wa maswali."

Nilicheka, macho yananiuma. "Na wewe? Nilipokuwa bweni, na wewe uko na mama, hukunionea?"

Alifikiri. Mdogo wangu akifikiri huwa anafumba jicho moja, tangu utotoni. "Nilikuonea sana," akasema. "Ulipokuwa unarudi likizo na zile soksi nyeupe, nilikuwa natamani zitumbukie chooni. Kuna moja niliitumbukiza."

"Ile soksi!"

"Ile."

"Na uliacha lini? Kuona wivu?"

"Sijui, dada. Nilikuwa na kazi."

Majirani walirudi. Wakaketi, wakaanza kumenya, mmoja akauliza mgeni analala au anaondoka na gari la mchana. Mdogo wangu akanitazama mimi.

"Nalala," nikasema.

Nililala siku tatu. Siwezi kudanganya kwamba wivu uliniisha. Usiku wa pili nilisikia shemeji akimwita mkewe ukumbini amweleze jambo la shamba, anamsikiliza mpaka mwisho, nikageukia ukutani. Siku ya tatu lilikuja gari la wageni kutoka Biharamulo, na mdogo wangu akavua aproni, akajifuta mikono, akatoka kuwalaki. Nilimwona kupitia mlango wa banda akiwaonyesha migomba kwa mkono, na wao wanamfuata. Kucha zangu zilikuwa zimeingia weusi wa maganda. Beseni lilikuwa nusu. Nikachukua ndizi nyingine, nikaitoa ncha.